Kiraka cha Mshipa

Mwaka wa kwanza nilipofanya kazi na mishipa ya damu, majirani walidhani nimeolewa kwa siri. Ncha za vidole vyangu zilikuwa nyeusi. Ilikuwa ile dawa ya fedha tuliyoitumia maabara: ikikudondokea huioni, inafanana na maji, lakini ukitoka nayo juani ngozi inageuka nyeusi, na haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu, mpaka ngozi yenyewe ichoke ibanduke. Kwetu watu wa pwani, mwanamke mwenye weusi vidoleni amepakwa piku, na anayepakwa piku ni bibi harusi. Mke wa muuza viungo, aliyekaa chini yetu, alinikamata ngazini siku moja, akanigeuza viganja akavikagua.

"Na bwana ni nani?" akaniuliza.

"Ni mbuzi," nikamjibu.

Hakunisemesha kwa wiki mbili. Nilikuwa na ulimi mkali siku zile, na sisemi kwamba umepona kabisa.

Tuliishi katikati ya jiji la Nairobi, vyumba viwili juu ya duka, karibu na msikiti ambako Baba alisomesha watoto Kurani. Mama alikuwa mshonaji. Alishona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi, na kati ya kofia moja na nyingine alitia viraka nguo za mtaa mzima. Mimi nilikaa miguuni pake tangu sijaanza shule. Kanuni yake ya kwanza, aliyonifundisha kabla hata sijaweza kutunga uzi kwenye sindano, ilikuwa hii: kiraka hufuata uzi wa nguo. Kila kitambaa kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu na nyuzi zinazokwenda kwa upana. Ukikitia kiraka kinyume, nguo ikifuliwa mara moja tu inavuta, inakunjamana, na mwenye nguo anarudi mlangoni kwako na maneno. Mama hakunikumbusha mara nyingi. Alinigonga kidole kwa mpini wa mkasi mara tatu nne, nami nikaelewa. Baada ya hapo vidole vyangu vilikuwa vikigeuza kiraka vyenyewe, bila kuniuliza.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilisikia anatafutwa msaidizi wa maabara. Baba aliniuliza maswali mawili tu: kuna mahali pa kusali, na kuna nguruwe? Pa kusali palikuwapo, nguruwe hawakuwapo. Akasema, "Haya, nenda. Ila ukumbuke kazi ya watu ni amana." Wazee wenzake walimwambia ananiachia kamba ndefu, na yeye akawajibu kwamba kamba ni yake. Namshukuru mpaka leo. Wasichana wengi tuliosoma nao, walio werevu kunishinda, walibaki nyumbani kwa sababu baba zao waliwasikiliza wazee wenzao.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja kule Upper Hill, nyuma ya wodi za wagonjwa. Wakati huo kilima kile kilikuwa na bustani na nyumba za zamani kuliko maofisi, na asubuhi ungeweza kusikia ndege. Mwenye maabara alikuwa daktari mmoja kijana kutoka magharibi ya nchi, mrefu, mwenye koti lililomfupia mikono, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Kiswahili chake kiliniumiza masikio. "Kitu yangu iko wapi?" angeuliza, nami, kwa kiburi changu cha pwani, ningemsahihisha moyoni na kumpa kitu chake. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya mmoja wa watu waungwana kabisa nitakaowahi kukutana nao.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza utando wa ndani wa mishipa. Kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri alikwenda na ndoo ya barafu mpaka kwenye machinjio, mbele ya Dagoretti Corner, akarudi na mishipa mikubwa ya ng'ombe, ile inayotoka moyoni, minene kama mpira wa kumwagilia maji. Wachinjaji walimcheka kwamba daktari mzima anagombania na mbwa vitu vya kutupwa. Yeye alicheka nao, akawaachia sigara.

Siku yangu ya pili aliniita kwenye darubini. Alikuwa amepasua mshipa kwa urefu, akaufungua bapa, akaupaka ile dawa ya fedha. Kisha alikuwa amelaza kipande kifudifudi juu ya kioo chenye gundi, na gundi iliposhika, akaubandua ukuta wote taratibu na kuuacha ule utando peke yake kwenye kioo. Dawa ilikuwa imechora mpaka mweusi kuzunguka kila seli.

"Kuja uone, dada," alisema. "Hiyo ni ngozi ya ndani kabisa. Damu inagusa hiyo tu, haigusi kitu ingine. Unaona nini?"

Nikaweka jicho. "Mbegu za tango," nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea meza. Lakini ndivyo zilivyokuwa: nyembamba, ndefu, zimelala zote upande mmoja, moja ubavuni mwa nyingine, kama umekata tango ukaziona zilivyopangwa. Halafu akanibadilishia kioo. Hiki kilitoka mahali mshipa unapogawanyika njia mbili. Hapo mbegu za tango hazikuwapo. Seli zilikuwa za mviringo, kila moja imekaa kivyake, hakuna upande zinaoelekea.

Alinieleza siku ile jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Damu ikipita mshipani hufanya mambo mawili. Huusukuma ukuta kuelekea nje, na hilo ndilo ambalo kila daktari hupima kwa ule mfuko wa kufunga mkononi. Lakini pia huusugua, kwa urefu, inavyokwenda. Msuguo huo ni mdogo sana, ila hauna usiku wala mchana, hauna Jumapili. Mahali damu inaponyooka na kwenda kasi, msuguo ni wa upande mmoja, na seli zimelala kuufuata. Mahali mshipa unapogawanyika, damu inazubaa, inazunguka, inarudi nyuma kidogo, na seli hazijui zilalie wapi. Na ni hapo, aliniambia, kwenye seli zilizochanganyikiwa, ambapo mafuta ya manjano huanza kujipaka. Ni hapo mishipa ya watu huziba.

Nikamuuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida tu. "Sasa zimezaliwa zimelala hivyo, au damu ndiyo inayozilaza?"

"Hiyo ndiyo swali yenyewe," akasema. "Mimi nimerudi Kenya na hiyo swali."

Kazi ya kubandua utando ilikuwa ya mkono mwepesi, na mkono wake ulikuwa mzito. Katika vioo kumi alikuwa akipata viwili visivyochanika. Mwezi wa pili aliniachia nijaribu, nami nikapata saba. Mwezi wa tatu aliacha kabisa kubandua mwenyewe. Sikujivuna mbele yake. Nilijivuna kwenye basi, njia nzima mpaka nyumbani.

Jibu la swali lake alilipangia jaribio. Angemlaza mbuzi kwa dawa ya usingizi, amfungue ubavu, aubane mshipa mkubwa upande mmoja kwa koleo ili damu iendelee kupita upande wa pili, kisha akate kipande cha mraba, kidogo kuliko stempu. Angekigeuza kile kipande robo mzunguko na kukishona palepale. Seli zilizokuwa zimelala kufuata damu sasa zingekuwa zimelala kuikingama. Baada ya siku kumi angetazama. Zikiwa bado zimekingama, basi zimezaliwa hivyo. Zikiwa zimegeuka kuifuata damu, basi damu ndiyo inayozipanga. Nilipenda jaribio lile kwa sababu nililielewa lote, mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu lilihusu kiraka.

Mbuzi waliwekwa upande wa Loresho, kwenye banda lililokuwa mwishoni mwa shamba la kahawa, na chumba cha pembeni kilichopakwa chokaa ndicho kilikuwa cha upasuaji. Mzee mmoja aliyetoka sehemu za kwao daktari ndiye aliyewatunza. Mbuzi wawili wa kwanza walikufa mezani. Wa tatu, beberu mweupe mwenye sikio lililopasuka, ndiye aliyeishi.

Siku ya beberu yule daktari alitaka niwe karibu naye, nimshikie kipande. "Mimi nitaangalia sindano," aliniambia. "Wewe angalia kipande. Nitaweka uzi ya buluu kwa ukingo wa juu, upande ya kichwa. Ukikirudisha kwa tundu, hiyo buluu iangalie mgongo. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

Alikata. Nikapokea kile kipande kwa kibanio, nikakichovya kwenye maji ya chumvi. Mbuzi alikuwa akihema vibaya, mzee alikuwa akimwagilia barafu kwenye bakuli, daktari alikuwa akihesabu dakika kwa sauti. "Leta," akasema. Nikakilaza kipande juu ya tundu. Akashona pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, jasho likimtiririka puani.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa."

Akamalizia mishono, akalegeza koleo, damu ikapita, kiraka kikashika. Nikaukata ule uzi wa buluu kama alivyoniagiza. Mzee alisema kwa lugha yao neno ambalo daktari alilicheka, nasi sote watatu tukakaa sakafuni kwa uchovu. Beberu aliamka jioni akala majani.

Siku kumi zilipotimia, daktari alimlaza tena, na safari hii hakumwamsha. Nilitengeneza kioo mwenyewe, kikatoka bila mchaniko hata mmoja. Daktari alitazama kwanza. Kisha akainuka akaniachia kiti. Mbegu za tango. Zimenyooka, zimelala kuifuata damu, pembezoni zimevurugwa na mishono lakini katikati zimetulia kabisa. Alinunua sambusa na soda kwa kila mtu wa jengo lile, mpaka mfagiaji na mlinzi. Na sababu ilikuwapo. Wakubwa wake walimwona mtu wa kuchezea matumbo, chumba chake kilikuwa kikitakiwa kiwe stoo, na alikuwa ameambiwa aje Jumamosi kwenye mkutano wa madaktari mjini aeleze ni nini hasa amekuwa akifanya. Sasa alikuwa na la kueleza. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Mama alikuwa amekaa na kanzu ya Baba, iliyoshikwa na msumari wa benchi madrasani ikapasuka chini ya kwapa, na Baba alikuwa akiitaka kesho yake kwa sala ya Ijumaa. Mama alikuwa amekwisha kukata kiraka. "Nishikie hapa," akaniambia, "macho yangu yamechoka."

Nikakichukua kile kiraka cheupe cha mraba. Nikakilaza juu ya tundu. Na vidole vyangu, vyenyewe, vikakigeuza robo mzunguko mpaka uzi wake ukakutana na uzi wa kanzu.

Nikaganda. Niliona meza ya Loresho mbele yangu kana kwamba niko pale. Ukuta wa mshipa nao una uzi wake, mistari myembamba inayokwenda kwa urefu, nami nilikuwa nimeuona kila siku kwa miezi. Nilipokilaza kile kipande, vidole vyangu vilikuwa vimekipanga kama nguo. Na ule uzi wa buluu, nilipoukata, nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea pembe za beberu. Sikuukata upande wa mgongo. Niliukata upande wa kichwa. Hatukugeuza kitu. Tulikata kipande tukakirudisha vilevile kilivyokuwa, na seli zake zilikuwa zimelala kuifuata damu kwa sababu hazijawahi kulala vinginevyo.

"Mbona umeganda?" Mama akauliza.

"Mama, nimeharibu kazi ya watu."

Nikamweleza yote. Mambo ya seli hayakumwingia, ila mambo ya kiraka yalimwingia mara moja.

"Wajua kwa yakini, au ni wasiwasi?"

"Najua."

"Na daktari hajui."

"Hajui, wala hawezi kujua. Kikigeuzwa na kisipogeuzwa, mwisho wake vinafanana."

Nilipolisema hilo ndipo nilipoogopa kweli. Jumamosi angesimama mbele ya watu, aseme, na hakuna hata mmoja ambaye angemkosoa. Angepata chumba chake. Mimi ningeendelea na kazi yangu. Huenda hata jibu lilikuwa sahihi, huenda damu kweli ndiyo inayozilaza, na hapo uongo wangu ungekuwa umesema kweli. Nilijitetea kwa hoja hiyo, nami naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa tamu.

Mama alikata uzi kwa meno. "Mtu ukimharibia nguo yake," akasema, "humkunjii ukampa ukanyamaza. Wamwambia kabla hajaivaa akaenda nayo arusini."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza utarudi hapa ushone. Sindano zipo." Kisha akanipokonya kanzu, akamalizia mwenyewe na macho yake yaliyochoka.

Mama yangu hakusoma hata darasa moja. Nimekaa na maprofesa tangu siku ile, wengine wa hapa na wengine wa mbali, wakijadili uaminifu wa kazi zao kwa saa nzima, na sijasikia aliyelisema vizuri kumshinda.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya daktari. Alikuja akipiga mluzi, amebeba karatasi za hotuba yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kuketi, kwa sababu nilijua nikiketi sitasema.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Alitazama vidole vyangu, si uso wangu. Akauliza uzi niliukata upande gani, nikamwonyesha. Akauliza kwa nini nilisema iko sawa. Nikamwambia kweli, kwamba mkononi mwangu ilikuwa sawa, kwamba ndivyo nilivyofundishwa kutia kiraka. Uso wake ulibadilika, nami nikaona hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Toka kwanza," alisema.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Wagonjwa walipita na vyeti vyao, wauguzi walipita, mfagiaji akaniuliza kama kuna sambusa zilizobaki. Nilijilaumu kwa kuharibu, kisha nikajilaumu kwa kusema, kisha nikamkasirikia Mama. Nilipanga kabisa jinsi nitakavyoishi kwa kofia. Karibu na saa tano mlango ulifunguka.

"Ingia, dada."

Hotuba yake ilikuwa mezani, ameikata kwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini. Aliniambia niketi, naye akaketi.

"Nilikasirika," akasema. "Bado nimekasirika. Lakini nimefikiria hii kitu. Nilipanga jaribio ambayo ikiharibika inafanana na ikifaulu. Hiyo si makosa yako. Hiyo ni makosa yangu, na hakuna mtu angeniambia. Mbuzi moja haitoshi. Na haikufaa tungoje siku kumi. Ilifaa tufungue zingine mapema, tuangalie kabla hazijamaliza."

Nikamuuliza kama nirudishe koti la maabara.

"Ya nini? Mbuzi zingine nitashikiwa na nani?"

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Naye aligeuka akajifanya anatafuta kalamu kwenye droo ili nilie nimalize.

Yaliyotokea Jumamosi sikuyaona. Nilisimuliwa Jumatatu na mzee wa mbuzi, aliyekwenda kubeba mashine ya kuonyeshea picha. Alikuja maabara kwa ajili hiyo tu, akaketi, akavua kofia.

"Amesimama," alisema, "akawaambia yeye ameshona kiraka vibaya. Yeye. Akasema hana jibu, anaomba muda. Mmoja akamuuliza kama anataka miwani. Watu wakacheka. Yeye akacheka pia. Akasema, ndio, labda miwani."

"Hakusema nani alishika kipande?"

"Hakusema mtu. Mimi nilikuwa hapo nyuma. Nilingoja nisikie jina yako, sikusikia."

Chumba tuliachiwa mpaka mwisho wa masika, kwa huruma au kwa kuona hakina maana, sikuwahi kujua. Nilipojaribu kumshukuru daktari alinikata kauli. "Sindano ilikuwa kwa mkono yangu," alisema, akaendelea na kazi. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na tisa nikidhani heshima ni jinsi mtu anavyosema. Tangu Jumatatu ile sikuwahi tena kumsahihisha Kiswahili chake, hata moyoni.

Watu wa pwani husema mficha uchi hazai. Nimewaeleza vijana wengi niliowafundisha baadaye kubandua utando, na nimewaeleza kwa ukali, kwa sababu vijana hupenda matokeo mazuri kama watoto wapendavyo halua. Baadhi waliniona mnoko. Mmoja alirudi baada ya miaka, mwenyewe akiwa mkubwa wa maabara, akaniletea zawadi ya kahawa, na hakuhitaji kunieleza ni ya nini. Baadaye pia nilikuja kusikia kwamba watu wengine ng'ambo waliuliza swali letu kwa namna hiyohiyo na kupata jibu lake, tena kwa vyombo ambavyo sisi hatukuwa navyo. Sikuona uchungu. Siku hizi, nikifungwa ule mfuko mkononi kwa ajili ya presha yangu ya uzee, huwa nafikiria zile seli ndani zinavyosuguliwa na kuvumilia, na huzishukuru nazo. Muuguzi hudhani nasali, na pengine nasali.

Lakini nilitaka kusimulia mbuzi wale wa pili. Walikuwa wanne, na mmoja alitufia; watatu waliobaki tulipanga kuwafungua kwa siku tofauti, wa mwisho siku ya kumi. Kila mara nilipolaza kipande nilitakiwa kutaja kwa sauti uzi wa buluu uko wapi, na mzee, kutoka upande wa pili wa meza, alitakiwa kusema kama ni kweli. Wa kwanza tulimfungua siku ya tatu. Seli za kiraka zilikuwa zimekingama kabisa, zimeikatiza damu njia, na hapo tukajua kwamba safari hii tumegeuza kweli. Tulikaa na hofu baada ya hapo. Zingeweza kubaki vile milele.

Wa pili tulimfungua siku ya sita. Nilibandua utando taratibu kuliko siku zote. Nikakiweka kioo chini ya darubini nikasogea pembeni nimpishe, kama ilivyokuwa kawaida, kwa maana jicho la kwanza lilikuwa lake.

Hakuja. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na daftari kubwa mapajani.

"Tazama wewe kwanza," alisema.

Nikaweka jicho. Nikazungusha kigurudumu cha darubini mpaka zikatokea wazi. Hazikuwa zimekingama, wala hazikuwa zimenyooka. Zilikuwa zimeinama zote pamoja, mshazari, mamia kwa mamia, zimeacha upande mmoja na hazijafika upande wa pili. Sikuwahi kuona seli zimekaa hivyo, mahali popote, katika mshipa wowote.

"Ziko namna gani?" akauliza.

"Ziko njiani, Daktari," nikasema. "Zinageuka."

Nilisubiri nisikie kiti chake kikisogea. Nilichosikia ni kalamu. Aliandika nilivyosema, akaandika tarehe, akapiga mstari chini yake, na ndipo alipoinuka kuja kutazama.